Salama, ila siwezi

Kwetu pwani mtu akifiwa na babake usiku, asubuhi ukimuuliza habari za kulala atakujibu, "Njema, ila mzee ametutoka." Watu wa bara hucheka wakisikia hivyo. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Salamu ina jibu lake, na jibu ni njema. Mengine yote hukaa nyuma ya "ila". Hata "sijambo" ukiivunjavunja unakuta umesema huna jambo. Na ukishaingia kanisani ndiyo kabisa: "Bwana asifiwe" hujibiwa "Amina", basi. Hakuna hata mwanya wa kutia "ila".

Lakini pwani hii hii ina neno jingine ninalolipenda. Mtu wa Malindi akikwambia "mamangu hawezi", humuulizi hawezi nini. Hawezi, yaani ni mgonjwa. Biblia ya Union tunayoisoma imelibeba neno hilo: "Wenye afya hawana haja na tabibu, isipokuwa walio hawawezi," anasema Yesu katika Luka 5:31. Yakobo naye anauliza, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi?" Ni neno lenye huruma ndani yake. Halimtaji mtu kuwa ni nani. Linasema kuna kitu kimemshinda kwa leo, na leo hupita.

Sasa sikiliza tunavyomsema yule ambaye kilichomshinda ni akili. Ni kichaa. Ni chizi. Amerukwa. Fyuzi imekatika. Mwenye malaria ana malaria na kesho hana. Huyu wetu "ni", na hiyo "ni" hukaa naye mpaka kaburini. Nina ugonjwa wa baipola kwa mwaka wa tisa sasa, nimeitwa mengi mtaani na mengine kanisani, ila sijawahi kusikia mtu akiuliza mlangoni kwetu, "Eti huyu bwana hawezi?"

Fundo ninalotaka kulifungua ni hili. Mkristo wa hapa akishikwa na ugonjwa wa akili, kuna maombi, kuna dawa, na siku hizi kuna vikundi vya wagonjwa wenyewe kusaidiana. Watu huvichanganya hivi vitatu, au huvigombanisha, kana kwamba ukichukua kimoja umekitukana kingine. Mimi nimeona kila kimoja kina kazi yake, na madhara mengi niliyoyashuhudia yalitokea pale kimoja kilipopewa kazi ya mwenzake.

Mlango mmoja, njia nne

Chukua nyumba ya kawaida hapa Malindi, tuseme mtaa wa Maweni au Kisumu Ndogo. Kijana wa miaka 20, dereva wa tuktuk, anaanza kujifungia ndani. Haogi. Anacheka peke yake, kisha anasema majirani wanamteta ukutani. Nyanyake, Mgiriama wa Kakuyuni, anajua kuna kitu kimetumwa, au pepo wa ukoo wanadai ngoma yao. Shangazi aliyeolewa na Mwislamu kule Shela anasema ni jini, asomewe. Mama mtu anakwenda kwa mchungaji, na mchungaji anasema pepo mchafu, aletwe afungishwe mfungo wa siku tatu. Binamu mmoja aliyesomea uuguzi anasema mpelekeni hospitali, hii inafanana na skizofrenia.

Wote wanne wanampenda. Hilo husahaulika sana katika mazungumzo haya, kana kwamba mwenye kumpeleka mtoto kwa mganga ana nia mbaya. Na kwa kweli familia hazichagui njia moja. Hupita zote kwa zamu, mpaka mbuzi wameisha na shamba limewekwa rehani, na hospitali huja mwisho. Ugonjwa wa kusikia sauti ukitibiwa mapema hushikika vizuri zaidi; ukiachwa ukakomaa, vidonge hufanya kazi kwa shida, na nyanya anapata haki ya kusema, "Si niliwaambia dawa za hospitali hazimo?"

Je, ni pepo au si pepo? Sikwepi swali. Mimi ni Mkristo na Injili inasema pepo wapo. Lakini fungua Mathayo 4:24 uisome polepole. Wanaoletwa kwa Yesu wameorodheshwa: wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Mwandishi ametaja wenye pepo, kisha akataja wenye kifafa, kama watu wawili. Kweli, sura ya 17 ya kitabu hicho hicho ina kijana mwenye kifafa ambaye pepo anamtoka. Basi Injili mara inaviunganisha, mara inavitenga. Kitu isichokubali ni ile hesabu ya mkato ya mitaani kwetu, kwamba kila anayeanguka na kila anayesikia sauti jibu lake ni moja.

Halafu kuna Eliya. Ningekuwa na uwezo, kila kanisa la Malindi lingesoma 1 Wafalme 19 mara moja kwa mwaka, kwa sauti, bila mahubiri baadaye. Huyu ndiye nabii aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, mbele ya watu wote, moto ukashuka. Muda si mrefu anatembea jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Kisha analala. Anakuja malaika. Tazama malaika anafanya nini. Hamkemei. Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Hamwekei mikono kichwani akamtikisa. Anamgusa, anamwambia inuka ule, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na mkate ule ule, na neno moja ninalolijua kwa moyo: safari hii ni kubwa mno kwako.

Usingizi, chakula, maji, usingizi, chakula. Muuguzi yeyote wa wodi ya akili angeitambua orodha hiyo.

Mbele kidogo, pangoni, Eliya analalamika kwamba amesalia peke yake. Analisema mara mbili, maneno yale yale, kama mtu aliyekariri. Jibu analopewa lina vipande: kazi ya kufanya, mtu wa kufuatana naye, Elisha, na habari kwamba wako watu 7,000 asiowajua ambao hawakumpigia Baali goti. Nitalirudia hili, kwa sababu kikundi cha wagonjwa kimsingi ni hiyo habari ya 7,000.

Kesha, mfungo na litiamu

Hapa nitakawia, kwa kuwa sijaona makanisa yetu yakifundishwa jambo hili na wala hospitali haliulizwi.

Ugonjwa wangu, baipola, humpeleka mtu juu kisha humshusha. Akiwa juu halali, anaongea bila kituo, anatoa pesa, anaona amepewa ujumbe na Mungu. Akishuka hawezi kunyanyua hata kombe la maji. Kati ya mambo yanayojulikana vizuri kabisa kuhusu ugonjwa huu ni kwamba kukosa usingizi kunaweza kumrusha mtu juu. Usiku mmoja mzima bila kulala unatosha kwa wengine wetu. Sasa tazama tulivyo: Ijumaa ni kesha. Spika, ngoma, kuimba mpaka alfajiri. Mtu mzima wa akili anarudi nyumbani amechoka, analala mpaka adhuhuri, yamekwisha. Mwenye baipola anarudi akiwa na moto, anahubiri stendi ya matatu Jumamosi, Jumapili anasimama ibadani kutoa unabii, na kanisa linasema ameshukiwa na Roho. Jumatano ndiyo wanamfunga kamba.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Sina kinyongo nao. Walidhani wameona uamsho, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia ni uamsho.

Mfungo nao. Wengi wetu tunatumia litiamu. Ni chumvi, kwa asili yake, na daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza ugonjwa huu. Hutolewa na figo, na figo huitoa au huizuia kulingana na maji na chumvi mwilini. Ukikauka, figo huishikilia, nayo hupanda katika damu. Kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru hapana nafasi kubwa, ndiyo maana mtu hupimwa damu mara kwa mara. Basi chukua joto la Malindi la Februari, mfungo mkavu wa siku tatu bila tone la maji, na mtu anayeendelea kumeza litiamu yake kwa uaminifu. Anaanza kutapika na kuhara. Mikono inatetemeka kuliko kawaida. Anayumba, ulimi unakuwa mzito. Ukumbini watu wanasema pepo anatoka. Mtu yule anahitaji gari la kwenda hospitali, upesi, wala si mafuta ya upako. Na ukiongeza vidonge vya maumivu vya dukani, ibuprofeni au diklofenaki, ambavyo hapa tunameza kama njugu, navyo vinaipandisha litiamu.

Haya hayana maana kwamba mwenye baipola asifunge wala asikeshe na Mungu wake. Anaweza kufunga televisheni, nyama, simu, umbea. Anaweza kuomba kuanzia saa kumi na moja jioni na kulala saa tatu. Padre au mchungaji anayejua jambo hili humwambia muumini wake waziwazi: wewe mfungo wako ni kulala. Nilipoambiwa hivyo na mzee mmoja wa kanisa, niliona nimepewa ruhusa niliyoitafuta miaka.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Sonona, ambayo wengi hapa huiita msongo wa mawazo au dipresheni, ni zaidi ya huzuni: siku baada ya siku mtu haoni ladha ya kitu, usingizi na chakula vimeharibika, anajiona mzigo. Dawa zake huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonyesha kazi, na watu wengi huziacha katika wiki ya pili wakisema hazifai. Skizofrenia ina sauti na imani zisizotikisika. Dawa zake huzima sauti kwa wengi lakini hukakamaza mwili, hunenepesha, huchosha. Sindano ya mwezi huwasaidia wanaosahau vidonge, na wanaoficha.

Ushuhuda una mwisho, kikundi hakina

Vikundi vya wagonjwa kusaidiana havikuanzia mitandaoni wala Nairobi. Katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, miaka ya 1790, msimamizi mmoja aitwaye Pussin alikuwa akiajiri wagonjwa wa akili waliopata nafuu wawe wahudumu, kwa kuwa aliona hawapigi wenzao. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa humo zamani kwa ugonjwa wa tezi. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, tangu zama za kati watu waliowaleta jamaa zao wagonjwa wa akili kuhiji kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna walikuta hakuna pa kulala. Wenyeji wakawachukua wagonjwa majumbani mwao, wakaishi nao, wakalima nao. Desturi hiyo haijafa. Miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,000. Na mwaka 1935 huko Akron, Marekani, mlevi aliyeacha pombe, Bill Wilson, akiwa ugenini na kiu imemshika, alimtafuta mlevi mwingine, daktari Bob Smith, wakaketi wakazungumza. Wote wawili walikuwa wamepitia kwenye jumuiya ya Kikristo iliyoitwa Oxford Group. Wilson aligundua kitu cha ajabu: mazungumzo yale yalimzuia yeye mwenyewe kunywa. Kutoka hapo ndipo vilipozaliwa vikundi vya walevi vilivyoenea duniani.

Sisi Wakenya tuna mfano wa karibu zaidi. Miaka ya 2000, Ukimwi ulipokuwa bado unatajwa kwa kunong'ona, sapoti grupu za kliniki ndizo zilizofundisha watu kumeza dawa saa ile ile kila siku. Daktari alikuwa na dakika tano. Mama mwenye virusi miaka sita alikuwa na mchana kutwa. Tangu mwaka 2007 liko pia shirika la wagonjwa wa akili wenyewe, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, ambalo huendesha vikundi vya namna hii. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni la kizungu, amesahau wifi yake alivyookolewa na kikundi cha Alhamisi.

Kanisani kuna kitu kinachofanana na kikundi, nacho ni ushuhuda. Ndicho kinachochanganya watu. Wachungaji wengi wakisikia "kikundi cha wagonjwa wa akili" husema, sawa, waje watoe shuhuda. Lakini ushuhuda una umbo lake, na kila aliyekulia kanisani analijua: nilikuwa hivi, Bwana akafanya, sasa niko hivi. Lazima uishe. Mwenye ugonjwa unaorudi hana pa kuutia ugonjwa wake katika umbo hilo. Akisimama Januari akasema ameponywa, kisha Juni akalazwa, amemwaibisha Mungu mbele ya watu. Kwa hiyo Juni hatarudi kanisani, na huenda hataenda hospitali pia, maana kwenda ni kukiri kwamba Januari alidanganya. Nimewaona wawili waliokwama hapo hapo.

Kikundi kinaruhusu neno "bado". Bado nasikia, ila kwa mbali. Bado sijalala vizuri. Zaburi ya 88 ingekaa vizuri kwetu kuliko ilivyowahi kukaa mimbarini: inalia kuanzia mstari wa kwanza na inaishia gizani, bila "lakini" yoyote ya kuiokoa, na bado ni sala, imo ndani ya Biblia.

Vikombe nusu

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, chumba cha watoto cha Sunday school. Viti ni vya watoto, magoti yanafika kidevuni. Ukutani kuna safina ya Nuhu, twiga ametoboa paa. Watu huwa tisa, kumi na mmoja siku za mahamri. Mgeni akija huona jambo moja geni: chai humiminwa nusu kikombe. Ni kwa ajili ya mikono. Dawa nyingi zetu hutetemesha, na mtu akipewa kikombe kimejaa atakunywa kwanza aibu ndipo anywe chai. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Mama mmoja wetu, muuza mbaazi wa Barani, ndiye alianza kumimina hivyo, na ikawa desturi.

Mwanzoni tulivutana juu ya maombi. Ni chumba cha kanisa, lakini dada mmoja ni Mwislamu, na kaka mwingine alikuwa amefungiwa siku nyingi katika kambi ya maombi, akisikia mtu akipaza sauti kwa Yesu anatoka jasho. Tukaafikiana kwamba anayetaka kuomba aje dakika kumi mapema. Huja watano. Huyo aliyekuwa akitoka jasho huja siku hizi, hukaa mlangoni.

Kisha kila mmoja huulizwa habari, na ruhusa ni kujibu kuanzia kwenye "ila".

Siku moja kijana mgeni alisema, macho chini, "Nimeacha vidonge." Palikuwa kimya. Nyumbani angepigiwa kelele. Kanisani pengine angepigiwa makofi. Muuza samaki mmoja akasema, "Mimi nimeviacha mara tatu. Ya tatu nilijikuta Gongoni, sina viatu, nimetoka hapa kwa miguu usiku." Watu wakacheka mpaka twiga akatetemeka. Kicheko kile hakiruhusiwi kwa mtu wa nje. Wenye haki nacho ni waliowahi kufika Gongoni yao.

"Uliacha kwa nini, mwanangu?" Mama wa mbaazi akauliza.

Kijana akakawia. "Mama, haisemeki."

"Basi mwambie huyo mwanamume mwenzako pembeni."

Akamwambia muuza samaki, na muuza samaki akaitikia kwa kichwa. Vidonge vilikuwa vimemmaliza nguvu za kiume, ameoa juzi. Jambo hilo hangemwambia daktari msichana, na mchungaji ndiyo hata kidogo. Muuza samaki akamweleza kwamba hilo hutokea, kwamba dawa ziko za aina nyingi na kipimo hubadilishwa, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi swali la kumpa daktari, lisomwe bila kusemwa. Hakumwambia arudie vidonge wala aviache. Hiyo ndiyo mipaka tuliyojiwekea: hatugawi dawa, hatubadilishi dawa, tunamrudisha mtu kliniki akiwa na swali mkononi.

Mpaka wa pili ni siri. Linalosemwa chumbani hubaki na twiga. Siri hiyo huvunjwa kwa jambo moja, mtu akitaka kujiua. Hapo tunamuuliza wazi, kwa neno lake halisi, kama amefikiria kujiua na kama ameshapanga vipi. Watu huogopa kuuliza wakidhani watampa wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo, humpa mlango. Akiwa na mpango, haachwi peke yake, vitu vya hatari huondolewa, na hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Zamani hata kwenda hospitali kulikuwa na woga wake, kwa kuwa kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wazee wengi wa makanisa bado hawajasikia, waambieni. Na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, wala haimwachii mtu haki ya kumfunga mgonjwa minyororo kwa kisingizio cha kumtunza.

Baada ya Shakahola

Haiwezekani kuandika juu ya imani na mfungo kutoka Malindi ukapita kimya msitu ule. Ilikuwa Aprili 2023, ilipojulikana kwamba wafuasi wa mhubiri mmoja walikuwa wamefungishwa humo mpaka kufa. Miili iliyofukuliwa Shakahola ilizidi 400, watoto wengi miongoni mwao, na iliyoletwa mochari ilipita katika barabara zetu hizi. Tangu hapo ukisema "kikundi cha maombi" kwa jirani anakutazama mara mbili, na mimi simlaumu. Tulipoomba chumba, baraza la kanisa lilituuliza maswali mawili: nani anaongoza, na je, mtu anaweza kuondoka akitaka?

Nayaona ni maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na kanisa. Ushirika unaokutenga na nduguzo, unaokutoa kwenye dawa, ambao kiongozi wake haulizwi, ni hatari hata kama unaimba vizuri. Sisi uongozi huzunguka kila miezi mitatu, na milango haina komeo kwa ndani. Wapo Wakristo wema waliojifunza kutokana na Shakahola kwamba imani na akili iliyougua visikutane kabisa. Siafiki. Mtu akiwa chini, mara nyingi Mungu ndiye aliyebaki wa kuzungumza naye saa nane za usiku. Ukimnyang'anya hilo kwa jina la sayansi umemwibia.

Kanisa basi lifanye nini? Kazi yake naiona ndogo kuliko inavyodhani, na ngumu zaidi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hayo ndiyo mema pekee waliyomfanyia. Walipofungua midomo waliharibu. Mgonjwa wa presha akilazwa, akina mama wa kanisa huenda na uji. Mgonjwa wa akili akilazwa, tuseme Port Reitz kule Mombasa, nauli ni kubwa na aibu ni kubwa zaidi, hakuna anayekwenda. Uji ule ule tu. Jumapili akirudi asipelekwe mbele kuombewa bila kuulizwa, na asipokonywe zamu yake ya kufagia au kupanga viti. Mchungaji aje kikundini akialikwa, anywe nusu kikombe kama wengine.

Mwezi uliopita kwaya ya vijana iliomba chumba chetu Jumamosi, wanajiandaa kwa mashindano. Ufunguo uko kwa mzee wa kanisa, na mzee ni mtu wa amani, hapendi kumkatalia mtu. Tukakutana chini ya mwarobaini, kwaya ikifanya mazoezi ndani, sauti ya tatu ikipotea kila mara pale pale. Yule kijana wa vidonge alikuja. Muuza samaki akamuuliza habari.

"Njema," akasema, kisha akacheka kidogo. "Ila daktari amenibadilishia. Jumanne naanza mpya."

Mama wa mbaazi akamimina chai. Thermosi ilikuwa imesahauliwa wazi, chai imepoa, na mzee alikuwa anakuja kutoka upande wa ofisi na ufunguo mkononi, akitazama chini kama mtu mwenye jambo la kusema.